Mpole Ashika Usukani

Mtaa mzima ulimwita Mpole. Ukienda kwenye duka lake la dawa alikuuliza kwanza hali ya mama, kisha ya watoto, kisha akakueleza taratibu, akarudia, kwamba vidonge vinamezwa baada ya chakula. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayebembeleza mtoto alale. Hakuna jirani aliyewahi kugombana naye. Alipomchumbia Mwalimu, wanawake wa mtaani walicheka, wakagongana viganja, wakasema simba mwenda pole ndiye mla nyama. Hakuna hata mmoja aliyejisumbua kuuliza nyama yenyewe ni nani.

Mwalimu hakuwa wa darasani. Alifundisha udereva, na kazi yake aliifanya akiwa kwenye kiti cha abiria, mguu wake tayari, kwa kuwa gari la kujifunzia lina breki mbili: ya mwanafunzi na ya mwalimu. Chuoni kwao alikuwa na usemi wake. "Ukitaka kumjua mtu," alikuwa akisema, "ngoja gari limzimikie." Wapo wanaocheka. Wapo wanaoomba radhi hadi wanachosha. Wapo wanaolitukana gari, na hao bado wanafundishika. Lakini yupo yule ambaye gari likimzimikia humgeukia mwalimu na kumwambia, "Umeona ulichonifanya?" Huyo hakumpa ufunguo wa kwenda barabarani, hata angekuwa mtoto wa nani.

Aliwasoma wote, wa kike na wa kiume, wazee kwa vijana. Aliyeshindwa kumsoma ni mmoja tu, na huyo ndiye aliyekuwa amebakiza wiki moja amwoe. Mapenzi yakiingia, ujuzi hutoka kwa mlango wa nyuma.

Asubuhi ile Mpole alitokea uwanja wa mazoezi bila kuitwa. Shati jeupe, limepigwa pasi likanyooka. Mwalimu alipomwona anavuka uwanja kuja kwake, moyo ulimruka kama kawaida yake, ukasahau kabisa kwamba yuko kazini.

"Umefunga duka?"

"Nimemwachia msaidizi. Nimekukumbuka."

"Tumeonana jana jioni!"

"Jana ni mbali." Akamtazama kwa yale macho yake, macho yanayomtazama mtu kana kwamba wengine wote duniani wamehama. "Niache nikae kiti cha nyuma. Sitasema neno."

Mwanamke gani angekataa? Akamfungulia mlango.

Mwanafunzi wa asubuhi ile alikuwa Kinyozi, mzee wa ndevu nyeupe aliyeamua kujifunza gari uzeeni ili, kwa maneno yake, aache kuwaomba wakwe zake lifti. Alimwona Mpole kwenye kioo, akampungia.

"Ah, leo tuna abiria! Basi abiria afunge mkanda, na kama ana dua yoyote aisome sasa."

Wakaondoka. Walizunguka uwanja vizuri tu mpaka ilipofika zamu ya kubadili gia. Kinyozi alihangaika na ule mkono wa gia, akiusukuma huku na huku. Mwalimu akaweka kiganja chake juu ya kiganja cha mzee, akauvuta.

"Hivi. Usilazimishe. Gia haigombezwi, mzee wangu."

Gari likakohoa, likazima. Kinyozi akaangua kicheko. "Samahani Mwalimu. Samahani gari. Samahani na abiria wetu."

"Mpenzi," sauti ikatoka nyuma.

"Abee."

"Mzee hana mkono?"

Aliuliza polepole, kwa upole uleule wa kuuza dawa ya kikohozi. Kicheko cha Kinyozi kikakatika. Mwalimu akageuka.

"Ndivyo ninavyofundisha. Wote nawafundisha hivyo."

"Najua, mpenzi. Nauliza tu."

Nauliza tu. Aliuliza tu siku alipotaka kujua namba ya siri ya simu yake, maana wapendanao hawafichani. Akauliza tu kwa nini yule rafiki yake msusi anacheka kwa sauti namna ile, akauliza tena na tena, mpaka msusi akaacha kuja nyumbani. Lile gauni la buluu je, halibani kidogo? Gauni likaishia kabatini. Na siku moja hotelini, mhudumu alipomwaga matone ya maji mezani, Mpole alimshika kifundo cha mkono, akitabasamu, akamuuliza tu kama amesomea kazi yake, na hakumwachia mpaka machozi yakamlenga yule mtu. Baadaye kwenye gari akaomba radhi, akasema kichwa kilikuwa kikimuuma, akamnunulia Mwalimu manukato. Mwalimu akajipaka manukato.

Hata habari ya mke wake wa kwanza. Mpole alisema yule mwanamke alikuwa kichaa, alimtesa sana, akamwachia makovu moyoni. Mwalimu alilia siku aliposikia habari ile, na aliyemlilia ni Mpole.

Somo likaisha. Kinyozi akashuka, akaenda kunywa maji bombani upande wa pili wa uwanja, haraka kuliko kawaida yake. Mpole akatoka nyuma, akazunguka, akaketi kwenye usukani, akafunga mlango.

"Nifundishe na mimi."

Mwalimu akacheka kidogo, kwa kuwa alitaka sana kiwe kitu cha kuchekesha. "Wewe si unaendesha kila siku?"

"Nifundishe kama unavyomfundisha yule."

Akaweka mkono juu ya gia, akangoja. Mwalimu akautazama ule mkono. Aliupenda mkono ule, kusema kweli. Aliwahi kuushika usiku wa msiba wa baba yake mpaka kukapambazuka, na haukuondoka. Akaweka kiganja chake juu yake, na kwa kitambo kidogo joto lile la zamani likapanda mpaka kifuani.

Ndipo Mpole akauleta mkono wake wa pili, akamkamata kifundo, akabana.

"Hivi? Ndivyo mnavyofanya?"

"Unaniumiza."

"Nauliza tu."

"Niachie!"

Akamwachia, akawasha gari, akaliondoa kwa kishindo. Mwalimu aliirukia breki yake kwa macho tu; mguu bado ulikuwa hauamini.

"Wiki ijayo utakuwa mke wangu," Mpole alisema. "Kazi hii utaiacha."

"Hatukukubaliana hivyo."

"Tunakubaliana sasa."

"Punguza mwendo."

"Sioi mwanamke ili ashinde amefungiwa ndani ya gari na wanaume, anawashika mikono. Watu wananicheka."

"Nani anakucheka? Yule mzee? Punguza mwendo!"

"Sema utaiacha."

Mwisho wa uwanja kulikuwa na ukuta wa matofali, na ukuta ulikuwa unakua. Mpole hakuwa akiutazama. Alikuwa akimtazama yeye, uso umetulia, hana jasho, hana hasira ya kuonekana. Akakanyaga mafuta zaidi.

"Sema, mpenzi. Sema tu, nitapunguza. Ni neno moja, na liko kinywani mwako."

Hapo mguu ukaamini. Mwalimu akaikanyaga breki yake kwa nguvu zote alizopewa na mama yake. Magurudumu yakapiga yowe, gari likaserereka, mkanda ukamkata kifuani, kisha gari likazima na vumbi likawafunika. Ukuta ulikuwa karibu kiasi cha kuhesabu matofali.

Mwalimu akajikuta anafanya lile alilolifanya na kila mwanafunzi. Alingoja. Gari limemzimikia mtu. Haya, mtu ajionyeshe.

Na Mungu ndiye shahidi jinsi alivyotamani. Laiti angecheka! Laiti angesema samahani, nimepagawa, sijui nimeingiwa na nini. Laiti basi angelitukana gari.

Mpole akaupiga usukani ngumi, akamgeukia.

"Umeona ulichonifanya? Umeona?"

Mwalimu akanyoosha mkono, akauchomoa ufunguo. "Shuka."

"Nini?"

"Shuka kwenye gari langu."

Machozi yakaja papo hapo, makubwa, ya kweli au ya kazi, nani ajuaye. Mpole akaufunika uso. "Ninakupenda mpaka ninaogopa. Huelewi? Wewe ndiye unayenifanya niwe hivi. Muulize mtu yeyote. Kwa watu wengine mimi siko hivi."

"Hilo ndilo linalonichoma!" Sauti ilimtoka Mwalimu kwa nguvu hata mwenyewe akashtuka. "Kwa wengine huko hivi. Mteja akikutukana dukani unatabasamu. Jirani akiziba njia kwa gari lake unamsalimia. Kwa mama yangu hata kikombe unakiweka chini taratibu kisilie. Kumbe breki unazo! Unazo, na zinakamata vizuri kabisa. Ni kwangu tu ndipo hutaki kuzikanyaga. Mwenye kichaa angekuwa kichaa kwa wote. Wewe unachagua."

"Usinipigie kelele."

"Nitapiga. Shuka."

Akashuka. Akafunga mlango polepole, kwa adabu, maana Kinyozi alikuwa anakuja mbio na kikombe cha maji mkononi. Akapanda gari lake mwenyewe, akaondoka bila hata kutimua vumbi.

Kinyozi alifika anahema. Akautazama mkono wa Mwalimu uliokuwa umeanza kuvimba, akatazama ukuta, akatazama alama za magurudumu.

"Mwalimu. Niendeshe mimi?"

"Endesha, mzee wangu. Mikono yangu haishiki."

Ndivyo Kinyozi alivyoingia barabarani kwa mara ya kwanza, mwendo wa kinyonga, nyuma yake wenye haraka zao wakipiga honi kama kwenye harusi. Hakuzima hata mara moja, hata Mwalimu alipokuwa akimsimulia yaliyotokea. Alikuwa na hasira nyingi mno hata akasahau kuogopa.

"Na mimi nilimnyoa juzi tu," alisema. "Kichwa kizuri. Nikampa na pole ya maandalizi ya harusi. Nina mabinti mimi, Mwalimu. Mmoja wao alituambia maneno kama haya, mama yake na mimi tukamwambia rudi ukaongee na mumeo." Akabadili gia bila kusaidiwa. "Nenda kaseme kwenu. Wakikwambia rudi ukaongee naye, usirudi."

Mwalimu alilia njia nzima. Alimlilia mwanamume aliyemshika mkono usiku wa msiba, ambaye yeye bado alikuwa anampenda hata sasa, na kumpenda kule ndiko kulikomtia hasira kuliko kifundo kinachouma.

Kinyozi alipomfikisha kwao, gari la Mpole lilikuwa limeshafika. Lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba ya mama yake Mwalimu, sambamba kabisa na ukuta, na mlango wa sebule ulikuwa wazi. Mwenyewe alikuwa ameketi sakafuni miguuni pa Mama, macho mekundu. Shangazi, dada wa marehemu baba, alikuwa ameinama anamfuta machozi kwa pembe ya mtandio wake.

"Huyo kaja!" Shangazi akasema. "Wewe mtoto, una moyo gani? Mwanaume anakulilia hivi, nawe umempigia breki nusura atoke kwa kioo cha mbele! Kisa amekuuliza kwa nini unashikana mikono na wanafunzi?"

"Amesema hivyo?"

"Tena bila kukusema vibaya. Anasema kosa ni lake, amekupenda kupita kiasi."

"Shangazi, aliliendesha gari kwenda ukutani. Aliniambia niseme nitaacha kazi ndipo apunguze mwendo."

"Mpenzi," Mpole akasema kwa huzuni, akitikisa kichwa. "Nilikuwa nakutania. Umechoka. Maandalizi yamekuchosha."

Alivyolisema! Kwa sekunde moja Mwalimu mwenyewe akajiuliza kama kweli hakuchoka. Hapo ndipo alipomwogopa zaidi ya kule uwanjani.

"Wivu ndiyo mapenzi yenyewe," Shangazi akaendelea. "Mimi mume wangu hakuwahi kuniuliza hata nimetoka wapi. Miaka yote ile. Nikirudi jioni ananiuliza chakula kiko wapi. Wewe umepata wa kukuuliza, unamletea kiburi!"

Mama alikuwa mjane mkimya, asiyependa ugomvi, na alimpenda mkwe wake huyu kwa kuwa alimkumbusha dawa za presha bila kuchoka. Akamtazama binti yake.

"Amekupiga?"

"Hajanipiga, Mama."

"Basi, mwanangu..."

"Dalili ya mvua ni mawingu! Rafiki yangu yuko wapi, yule msusi? Nguo zangu ziko wapi? Mara ya mwisho nimekaa na wewe jikoni bila simu kuita mara kumi ananiuliza niko na nani ilikuwa lini? Kazi nayo ikiondoka nitabaki na nini? Au mnataka ninyeshewe kwanza, nije hapa nimelowa, ndipo mkubali kulikuwa na wingu?"

"Watu wameshaalikwa," Shangazi akasema, lakini kwa sauti iliyopungua.

"Na huo mkono umefanya nini?" Mama akauliza.

Mwalimu akaukunjua. Mpole akawahi kujibu. "Aliugonga kwenye dashibodi, Mama, alipokanyaga breki. Nilitaka kumpaka dawa, akanifukuza."

"Hebu niuone." Mama akashika kiti, akaanza kuinuka.

"Mama, kaa," Mpole akasema.

Hakupaza sauti. Hata mkono hakuuinua. "Nimeshakwambia aliugonga. Kaa, tumalize mazungumzo."

Mama akakaa.

Ndani ya nyumba yake. Mwanamke aliyezika mume, akawafukuza kwa ufagio ndugu wa mume waliokuja kugawana viti siku ya arobaini, aliambiwa kaa na mgeni aliyeketi sakafuni kwake, akakaa. Mto wa kiti ulimpokea kabla akili haijauliza. Mtandio wa Shangazi ukaganda hewani, karibu na shavu la Mpole.

"Umeona, Mama?" Mwalimu akasema taratibu. "Umekaa."

Mama akajitazama magotini. "Nimekaa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyejikuta chumba asichokijua. "Mimi. Nimeambiwa kaa, nikakaa."

"Mama, nilikuwa nakuheshimu tu." Mpole alicheka kidogo. "Nilitaka usijichoshe, presha yako..."

"Nyamaza."

Sasa akainuka. Aliinuka wima, akampita mkwe wake pale sakafuni bila kumtazama, akauchukua mkono wa binti yake na kuupeleka dirishani kwenye mwanga. Alama zilikuwa zimeshapata rangi, nyembamba, zimepangana kuzunguka kifundo, na ile nene ikiwa peke yake upande wa ndani. Mama aliziangalia kwa muda mrefu. Kisha akageuka.

"Baba," akamwambia, "hiyo dashibodi ina vidole?"

Mpole akamtazama Shangazi, aliyekuwa mtetezi wake hadi punde tu, na Shangazi akauvuta mtandio wake, akaukung'uta, akajifunga kichwani.

"Mlango ni huo," Mama akasema.

Alisimama, akajipangusa suruali. Mlangoni akageuka kumtazama Mwalimu kwa yale macho, yaleyale, yanayohamisha ulimwengu mzima.

"Utanikumbuka," akasema. "Hutapata atakayekupenda hivi."

"Nitakukumbuka," Mwalimu akajibu, na machozi yalikuwa yanamtiririka wala hakuyafuta. "Nilikupenda, ningekosaje? Na Mungu anisaidie nisimpate mwingine wa kunipenda hivyo. Toka."

Akatoka. Walisikia gari linawaka, linaondoka taratibu. Shangazi akajitupa kwenye kiti, mikono kichwani.

"Mungu wangu. Na watu je? Walioalikwa? Watakuja hapa kutuuliza, tutawaambia nini?"

Mama bado alikuwa ameushika mkono wa binti yake.

"Tutawaambia harusi hakuna. Atakayetaka kujua kwa nini aje aniulize mimi," alisema, "na atanikuta nimesimama."